Konzi ya Mchele

Kila jioni, kabla sufuria haijapanda jikoni,
natia mkono kwenye mchele uliokwisha kupimwa,
natoa konzi moja, naimimina katika kopo la kanisa.
Ndivyo alivyofanya mama, na mamaye.
Wanawake wa Aizawl tumeezeka mapaa kwa konzi,
tumesomesha wahubiri kwa konzi,
na watoto wetu hawakujua
kwamba kila siku wanakula pungufu kidogo.

Mwaka jana darasa langu la Jumapili lilimaliza shule.
Kumi na mmoja. Nimewaandika kwa penseli
nyuma ya kalenda ya duka la dawa:
Zothanpuia, hoteli, Bangalore.
Lalduhawmi, uuguzi, Pune.
Ramengmawii, saluni, Delhi,
anaosha vichwa vya watu wasiomuuliza jina.
Na Hruaia, Hruaia wa maswali,
aliyetaka kujua, akiwa na miaka tisa,
Kaini alimwoa nani,
nikampiga konzi ya utosini, darasa zima likacheka.

Konzi hiyo naikumbuka mimi.
Yeye anasema amesahau.

Siku ya kuwaaga niliwapa daftari:
majibu arobaini, nimeyanakili kwa mkono wangu
mara kumi na moja, hadi kidole kikaota sugu.
Wakikuambia hivi, wewe sema hivi.
Nilidhani imani ni mtihani
na mtihani haukosi msimamizi.
Sikuifikiria ile Jumapili
isiyo na kengele, isiyo na shangazi kwenye ngazi
wa kuona nani hajapita;
zamu ya usiku imekwisha alfajiri,
na godoro ndilo lile, linangoja.

Agosti, mvua ikila kingo za barabara,
Hruaia akapiga simu.
Alizungumza kama mtu aliyefanya mazoezi mbele ya kioo:
“Mwalimu, sitaki uniombee kwa kudanganyika.
Siendi tena. Sijui kama naamini.
Daftari lako lilikuwa zuri, lakini
hakuna aliyeniuliza hata swali moja kati ya yale.”

Aya zilikuwa tayari ulimini, zimepanga foleni.
Nikazimeza.
Nikasema: Umekula nini?

Kimya. Kisha akacheka, kicheko cha darasani.
Wali, akasema, na majani ya haradali.
Soya yetu ya kuchachusha mwenye nyumba hataki kuisikia,
ati harufu inashuka hadi ghorofa ya kwanza.
Mchele unapima mwenyewe? Napima mwenyewe.
Halafu, polepole, kama anayeungama wizi:
“Natoa konzi. Usiniulize kwa nini.
Mkono unatoa wenyewe.
Naitia kwenye chupa ya kahawa, ikijaa
nampa mlinzi wa geti, mzee kutoka Bihar,
ana watoto watano.
Lakini si dini, Mwalimu. Usije ukasema ni dini.”

Sikusema.
Nilisema nitapiga tena Jumamosi, nikapiga.
Tukazungumza habari za mpira, za goti la baba yake,
za ukuta wa jirani ulioporomoka.
Jumamosi ya nne akauliza,
kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua,
wiki hii kanisani mliimba nini.

Nikamwambia. Akasema, ahaa.
Basi.

Mchungaji anataka ripoti kabla ya Krismasi:
waliosimama, walioanguka. Safu mbili.
Ramengmawii nimemweka na waliosimama,
ingawa sauti yake siku hizi ni nyembamba
na hataki kusema analia nini.
Hruaia sijapata pa kumweka.
Karatasi iko chini ya kopo, imeota duara la kutu.

Darasa jipya linaanza Januari.
Daftari sijanakili.
Nimewaambia kila mmoja aje na chupa tupu,
yenye kifuniko,
na swali ambalo anaogopa nitampiga konzi akiliuliza.