Mita 4071

Mfumo wa zamani wa bili za maji
uliishi chumba cha nyuma, Kisumu, upande wa reli,
ndani ya mashine yenye rangi ya meno ya mvuta sigara,
na feni yake imekuwa ikikohoa
tangu kabla Khavere hajazaliwa.

Khavere ndiye niliyempa kazi ya kuusoma.
Alisoma wiki tatu, mstari kwa mstari,
kama anayechambua mchele wa Ahero,
chenga kando, mawe kando,
hadi aliponiita: "Njoo uone jiwe hili."

"Kama mita ni 4071, usitoze."

Basi. Hakuna maelezo, hakuna jina.
Tirop akasema tufute: ni wizi au ni kosa,
na vyote viwili havihamii nyumba mpya.
Wakubwa nilikwisha kuwaahidi tarehe,
lakini mkono ulikataa.
Nimewahi kung'oa msumari nisioijua kazi yake,
paa likanifuata.

Tukaenda Obunga kuitafuta mita.
Tulikuta mahali pa kuosha magari,
maji yanaruka, redio inapayuka,
mwenyewe anacheka: "Bili? Bili gani?
Mimi nilidhani ziwa limeamua."

Nikampigia Obiero, aliyeuandika mfumo,
mstaafu, sasa anafuga kuku Maseno.
Alinyamaza. Nikawasikia kuku.
"Lile lilikuwa bomba la kipindupindu.
Watu walikunywa maji ya mtaro kwa kuogopa bili.
Niliongeza mstari mmoja usiku, sikumuuliza mtu.
Na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kimekwisha."

Kikaoni nilizungumza seva, ratiba, mafunzo.
Apondi wa dirisha la tatu akainua mkono.
Miaka ishirini na miwili vidole vyake
vimejua F7, F3, ingiza, ingiza,
kama vinavyojua mwiko.
"Na mimi," akauliza, "huko mna mstari wangu?"

Nilizima projekta.
Kuanzia kesho yake aliketi kati ya Tirop na Khavere,
akivunja kila walichojenga,
na kila alipovunja tulimletea chai,
Tirop akiileta kwa kununa.

Miezi mitatu mifumo miwili ilikwenda sambamba,
kila nyumba bili mbili, zikitofautiana senti,
na senti hizo ndizo zilizotunyima usingizi.

Usiku wa kuzima sikutoa hotuba.
Apondi alibonyeza.
Feni ikakohoa, ikapungua, ikaacha,
tukasikia, mara ya kwanza mle chumbani,
mvua juu ya mabati.

Mwosha magari sasa analipa, na hunitukana kila mwezi.
Lakini ndani ya mfumo mpya Khavere ameacha mstari,
ameufunga, na juu yake ameandika:
"Bomba la bure, Obunga. Aliyefungua: Obiero.
Sababu: kipindupindu.
Kikirudi, usimuulize mtu."