Kila Miezi Mitatu

Ghorofa ya tatu, hospitali ya Trieste, upepo unatikisa vioo.
Kwenye benchi tuko kumi na mmoja:
wanawake wanane, wanaume watatu.
Nimehesabu kwa sauti za kukohoa; macho yangu
yamejifunga kama duka siku ya msiba.

Mimi Nives. Nilikata tiketi stesheni miaka thelathini
na kope hazikuwahi kunigomea hadi hamsini na tisa.
Daktari wa kwanza akauliza kama nina huzuni.
Wa pili akauliza kama hedhi imekoma.
Wa tatu, mpole, akaniandikia dawa ya usingizi,
mimi niliyefumba macho kutwa
nifundishwe kulala.

Livio wa kreni za bandarini ulimwanza mapema, arobaini na nne.
Yeye hakuulizwa huzuni.
Aliulizwa vumbi, aliulizwa moto wa kuchomelea,
akapewa miwani myeusi, akaivaa miaka mitano,
hata siku ya kumzika mama yake.
Watu wakasema: jeuri.

Nilipopepesa sokoni, muuza samaki alidhani namkonyeza.
Akaniongezea dagaa nusu kilo.
Mkewe mpaka leo haniitikii salamu.
Livio alipopepesa baa,
aling'olewa jino.

Wanasema ugonjwa huu unatupenda sisi zaidi.
Labda.
Labda wenzao Livio wako nyumbani bado,
wanashika usukani kwa jicho moja,
wanangoja uishe wenyewe, kama deni la mtu aliyehama.

Kila mtu na ufunguo wake.
Mimi hugusa hapa, pembeni mwa nyusi.
Ondina, kiti cha mwisho, huhesabu kwa Kislovenia, lugha ya bibi yake;
akifika saba, kope zinamwachia.
Livio hupiga mluzi.

Muuguzi anaita. Sumu, tone kwa tone, kuzunguka jicho,
sindano nyembamba kama unywele wa paka.
Inauma. Siku ya nne au ya tano
nitaona tena uchafu wa madirisha yangu
na nitaufurahia.

Tulishuka ngazi mimi na Livio tumeshikana viwiko,
upepo ukitusukuma hadi kituoni.
Ndani ya basi nikamuuliza, kwa nini sijui,
lile swali langu la kwanza:
Una huzuni?

Akanyamaza vituo viwili.
Kisha akavua miwani
akapiga mluzi.