Bati Sabini

Somoe, bati ni sabini tu,
na bati hazizai.

Mangamba msingi tayari,
lami ipo jirani, bodaboda buku hadi sokoni Mtwara.
Malori ya korosho yakipita usiku
hata tofali zisizojengwa zinatetemeka.
Fundi wa geti upande wa pili
huchomelea mpaka saa nne,
kisha redio yake inapokea zamu.

Mitwero kimya.
Kimya cha kumsikia mke wa Nandonde
akikuna nazi nyumba ya tatu.
Maji ya kisima yana chumvi,
umeme nguzo mbili nyuma yetu umekata tamaa,
na ukikosa gari la kwenda Lindi mjini
unarudi kulala.

Lakini Mangamba, mwaka wa pili huu,
wananiita "yule wa kiwanja cha kona".
Mitwero, siku ya kwanza tu,
waliniuliza babu yangu kazikwa wapi.

Jana nilizihesabu tena kwa mama yako, Ng'apa.
Sitini na tisa.
Leo nimeiona ya sabini kiwanjani Mitwero,
imefunika kuni,
juu yake jiwe, upepo usiibebe.

Kuni, Somoe!
Na nyumba haina hata mlango.