Saa Tisa kwa Ndege

Simu ilichora mstari kutoka Tabora hadi Stockholm,
umepinda kama bua la mtama lililolemewa na suke,
na chini yake ikaandika: kilomita elfu saba na ushei,
muda wa safari, ukiruka moja kwa moja, saa tisa.
Ndege ya moja kwa moja haipo. Hilo iliandika kwa herufi ndogo,
nami sikulisoma kwa sauti.

Nilisema tu, "Saa tisa, mama. Mihayo yuko saa tisa kwa ndege."

Alikuwa anachambua karanga.
Akatazama jua lilipofika ukutani, akaona bado mapema,
akainuka, akateleka michembe,
akamtuma mjukuu wa Kapaya akalete asali,
"ile nyeusi ya Sikonge, siyo ya dukani."

Ndipo nikang'amua nilichofanya.
Nilimpa urefu, yeye akapokea wakati.
Kiswahili hakikututengea vyungu viwili:
saa ya kupima na saa ya kufika
huchotwa kwa kata moja.

Ningemsahihisha. Kinywa nilikifungua.
Lakini alikuwa ameshainamia sanduku
akitafuta kitenge cha zambarau
ambacho miaka kumi na moja hakijaona pasi.

Marehemu baba alipima kwa vituo.
Mtu wa reli: ukimuuliza Kigoma ni mbali kiasi gani
alijibu Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Uvinza,
akivuta pumzi kwa kila jina,
na ukionyesha haraka alianza upya.
Kwenye mstari wa simu sikuona kituo hata kimoja,
wala dirisha la kununulia kuku wa kukaanga.

Tulikwenda uwanjani kwa bajaji, bakuli mapajani.
Mlinzi akauliza tunampokea nani.
"Mwanangu. Anafika saa tisa."
Akatazama saa yake. "Ile ya Dar? Imechelewa kidogo. Kaeni."

Ikatua saa tisa na robo.
Wakashuka wanunuzi wa tumbaku, mtawa mmoja,
bwana aliyekumbatia kisanduku cha chanjo
kana kwamba kina usingizi,
na msichana aliyekuwa akicheka peke yake.
Mama aliwahesabu wote, kisha akahesabu ngazi,
mpaka ngazi nayo ikaondolewa.

Hakulia. Alinigeukia:
"Hiyo saa tisa ni ya leo?"

Nikatoa simu. Mstari ulikuwa bado umepinda.
"Hawakuandika siku," nikasema.

Akaguna, kama mtu aliyepunjwa kitambaa
na fundi anayemfahamu.
Akafunua bakuli, akampa mlinzi michembe, bado ya moto,
akamimina asali juu yake bila kupima,
akamwomba amwangalizie
na ndege ya kesho.