Droo ya Chini

Kanuni ya saba niliiandika kwa mkono wangu:
barua ya asiye na kadi isisomwe mkutanoni,
ikae droo ya chini, ingoje
Alhamisi ya tatu, kamati ikipenda.

Tulikuwa na sababu, usitucheke.
Zamani chama chetu cha wafuga nyuki
kilikuwa nyumba isiyo na komeo.
Muuza chupa wa Celje aliandika kila wiki,
na muuza chai ya kupunguza tumbo,
na mzee mmoja aliyepiga hesabu ya mwisho wa dunia
kwa mbawa za nyuki dume,
na yule wa Maribor, mwenye matusi,
mwandiko wake mzuri kama wa padri.
Vinko, mwenyekiti, alizisoma zote kwa sauti
mpaka kahawa ikapoa
na hoja zetu zikalala njaa.

Basi nikatia kufuli.

Juni ile miti ya lipa ilichanua mapema.
Ndilo jina lake kwetu, lipa,
ingawa nyuki haijapata kuwadai hata senti.
Ikaja barua ya penseli
nyuma ya risiti ya kiwanda cha mbao:

*Mimi Senada, napanga mbao kwa Hribar.
Nina mizinga miwili nyuma ya bweni.
Ilikuwa mitatu, mmoja nimeuchoma.
Nyuki wenu walikuwa wakija kuuiba kabla sijajua.
Fungueni ile ya karibu na kanisa.
Majana yakinuka gundi ya seremala,
chomekeni kijiti cha kibiriti.
Kikivuta uzi, msingoje.*

Nilisoma jina, si barua.
Nikapekua daftari: S, S, S. Hayumo.
Nikafunga droo, nikaenda kumenya viazi.

Siku kumi na tisa.

Kijiti kilivuta uzi wa kahawia
mrefu kama kidole changu hiki.
Mkaguzi alivua glavu, akahesabu: arobaini na moja.
Tukachimba shimo, tukangoja giza
ili nyuki wote wawe wamerudi nyumbani.
Vinko alishika ubao wa mbele aliouchora babu yake,
wanyama wamembeba mwindaji, wanakwenda kumzika,
sungura mbele na msalaba.
Akauliza, na huu?
Hakuna aliyemjibu.
Akautupa mwenyewe, na rangi ikalia chwa-chwa-chwa
kama mafuta kikaangoni.

Mgeni alikuja. Mwenyeji ndiye hakuamka.

Nilikwenda bwenini na fomu, ada imesamehewa.
Alikuwa anaanika soksi juu ya hita.
Akaisoma fomu yote, mpaka jina la mpiga chapa.
Akasema, mwakani huenda nitakuwa Graz.
Akasema, ile barua mliisoma lini?

Nikasema, mapema.

Akatikisa kichwa polepole, akageuza soksi.

Kanuni ya saba bado ipo. Vinko hataki ifutwe,
nami sina uso wa kubishana.
Ila sasa nasoma kila kitu siku kinapofika,
nimesimama, koti mwilini:
chupa, chai, matusi.
Mzee wa mwisho wa dunia nilimjibu mistari miwili.
Akaandika tena, safari hii
anauliza tu hali ya nyuki.

Droo haina kufuli. Ndani yake mna bahasha moja,
na juu ya bahasha, kwa wino wangu,
herufi zimenyooka, sikuwa na haraka:
*Si mwanachama.*