Matundu ya Ghala

Nilikodiwa kupiga matundu.
Katibu Mchopa alisema hivyo hivyo, kiganja juu ya daftari:
"Piga matundu yote ya bati. Mvua ikija korosho zitaoza,
na wakubwa wa chama kikuu wasiseme hawakuonyeshwa."
Picha kumi na mbili. Malipo baada ya kazi.

Mimi ni wa paspoti, hapa Tandahimba, jirani na mashine ya kusaga.
Kwangu mwanga ni mtumishi: shavu la kushoto, shavu la kulia,
shuka la buluu nyuma, "mama usicheke, inua kidevu," basi.
Sikuwahi kuutazama wenyewe usoni.

Nikaelekeza kamera juu. Tundu likawa jeupe la kupofua,
bati likazama gizani. Si tundu wala bati. Doa.
Nikafuta, nikapiga. Doa.
Ndipo wapagazi wakalitua gunia la mwisho la safu
na vumbi likapanda, vumbi la juti, la maganda,
la salfa iliyonata tangu mashambani,
na kile kilichokuwa hakina mwili kikavaa mwili.

Fimbo. Hapana, fimbo hushikika.
Uzi, basi? Uzi una ncha mbili; huu niliuona ncha ya chini tu.
Nikaacha kutafuta neno, nikapiga magoti.

Juu, tundu la msumari lina meno, la kutu lina pembe,
la jiwe la mtoto mtukutu limepasuka kama mdomo.
Chini yote ni duara.
Nani huyasawazisha njiani, sijui.
Nikasogea mpaka gunia likaacha kuwa gunia,
sakafu ikaacha kuwa sakafu,
ikabaki rangi ya kahawia iliyokaribia kuwa nyeusi
na duara saba, moja limekatwa na ukingo.
Sikumbuki kama nilipumua.

Katibu aliigeuza picha juu chini, akaigeuza tena.
"Mayai haya?"
"Mwanga."
"Mwanga wa nini?"
"Mwanga tu."
"Mwanga tu haulipwi, bwana. Bati langu liko wapi?"
Akamtuma mpwawe na simu. Simu ilipata bati vizuri kabisa.

Somoe mshona magunia alikuwa anapita, sindano imechomekwa kilembani.
Akasimama. Akaitazama kidogo, kama mtu anayesoma.
"Safu ya sita," akasema. "Saa nne kasoro robo.
Tena ni mwezi huu; Desemba hili dogo huukanyaga mguu wa mzani."
Sikujua picha yangu ina saa ndani.
"Mimi ndiyo ninayotumia," akasema, akaenda kushona.

Bati jipya lilifika kabla ya masika, linang'aa kwa nje.
Ndani, ghala ni tumbo la birika.
Wamefunga taa moja; asubuhi na jioni, haina habari.

Jana Somoe alikuja dukani, korosho za kukaanga kwenye gazeti.
Ile ya saa nne akaichukua, akaifuta kwa upindo wa kitenge.
Akabaki mlangoni.
"Na ya saa saba unayo? Saa saba ndiyo tunakula."
Nilifungua droo, nikapekua, nikijua.
Sinayo.