Kopeki Chini ya Springi

Asubuhi, theluji ikiwa bado imelala juu ya boneti,
mshale ulipanda hadi kilo sita, ukasimama hapo
kama mtu aliyejibu swali ambalo hakuulizwa.
Shushanik akapiga makofi ndani ya glavu zake:
"Umeona? Buheri wa afya!"
Nikamwambia, tungoje injini ipate moto.

Tulizunguka Gyumri. Stesheni ya reli,
nyumba za mawe meusi, wauza jibini,
na mara ya tatu mbele ya duka la mikate
mshale ukaanza kuteremka.
Kilo tatu. Moja na nusu.
Tuliposimamishwa na taa za barabarani
ukalala chini kabisa, na kitaa cha oili
kikafumbua jicho lake jekundu.

Usimwamini shahidi wa kwanza, ndivyo nilivyofundishwa.
Nikafungua geji yake, nikafunga yangu ya kioo kinene:
zikasema neno moja.
Nikachomoa kijiti, oili imefika alama.
Nikainusa, nikaisugua kwa vidole,
maana ngozi ya pampu ya petroli ikitoboka
huizimua oili kimyakimya, kama mwuza maziwa asiye mwaminifu.
Haikunuka petroli. Ilinuka oili, na uzee.
Filta mpya.

Basi nikalala chini ya Volga, mgongo juu ya kadibodi,
na baridi ya sakafu ikanipima mimi, ubavu kwa ubavu.

Meno ya pampu yamechoka, ila bado yanauma:
bapa jembamba la fila lilipita, nene likagoma.
Kisha vali ya kupunguzia presha.
Nati ikalegea, springi ikachomoka,
na nyuma yake ikadondoka kiganjani mwangu
kopeki moja,
sarafu ya nchi isiyokuwepo tena,
imepigwa tupa ukingoni ienee tunduni.

Mikwaruzo ya tupa ililalia kushoto.
Katika mji huu nilimjua fundi mmoja tu wa mkono wa kushoto.
Nilikuwa na miaka tisa, bakuli la boliti mapajani,
aliponiambia: "Nvard, mashine haina haya.
Mwenye haya ni fundi."

Baba.

Nilikaa pale chini muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.
Sarafu hubana springi, springi hubana vali,
na oili nzito ya asubuhi hupandisha mshale, mteja akafurahi.
Lakini hudanganya asubuhi tu.
Oili ikishapata moto ikawa nyepesi,
hupenya pale chuma kilipolika,
na hakuna sarafu ya kuziba hapo.

Nikashusha sampu. Beringi ya tatu
ilikuwa imevua nguo yake ya fedha, shaba ikichungulia.
Uzi wa nta niliouweka juu ya krenki
haukubanwa hata kidogo; ulitoka mviringo kama ulivyoingia.
Mficha maradhi, nikaanza kusema moyoni,
nikashindwa kumalizia. Ni babangu.

Nikamwekea Shushanik kopeki mezani, kando ya chai.
Nilikuwa nimeandaa maneno. Nimeyaandaa vibaya.
Akaigeuza kwa ukucha, akacheka hadi akakohoa.
"Mimi ndiye niliyemwomba. Mwaka ule wa mishumaa
nilikuwa na pesa ya beringi au ya kuni.
Alikataa siku mbili. Siku ya tatu alikuja usiku,
akanitoza mtungi wa kachumbari.
Akaniambia: usiende mbali, na usiende haraka.
Nimeenda wapi mimi? Makaburini na sokoni."

Sasa anataka kwenda Vanadzor, harusi ya mjukuu,
na kule njia ni kupanda na kushuka mlima.
Beringi zitafika Alhamisi, saizi ya pili.
Krenki iko kwa Hovik, inachongwa.

Ile kopeki hakuichukua. Wala mimi sijaitupa.
Ipo kwenye bakuli la boliti,
na kila nikitafuta washa
inatangulia kuja mkononi.